Yule Aliyepewa Nafasi ya Jemadari

Mwanangu Salima,

Salamu nimekupa tangu asubuhi kwa mdomo, kwa hiyo hapa naziruka. Habari za soksi za sufu, dawa ya kifua na funguo za akiba naziruka pia, maana nimezisema mpaka ukaanza kuimba ili usinisikie. Sasa uko kwenye uwanja wa Flagey, hapa Brussels, unaagana na wenzako, na nyumba imetulia. Mabegi yako yamejaa kwenye korido kiasi kwamba kwenda chooni imekuwa kazi ya kupanda na kushuka. Nimekaa jikoni na chai yangu, na nina jambo ambalo mezani lilinishinda kulisema.

Naandika Kiswahili makusudi. Kwa Kifaransa ungeyasoma haya ukiwa umesimama, na kabla sijafika nusu ungekuwa umeshapata jibu la kunirudishia. Kiswahili kitakukalisha. Najua pia utacheka, utasema Maman anaandika kama redio. Hilo mlaumu babu yako. Alikuwa fundi cherehani pale Kasongo, mkoa wa Maniema kule Kongo, na alituambia sisi watoto wake kwamba Kiswahili cha sokoni ni cha sokoni na cha karatasi ni cha karatasi. Ukichanganya, alikuchapa kwa rula ya kupimia vitambaa, si kwa nguvu, ila mbele ya wateja.

Jumapili nilikuuliza swali dogo tu.

"Na ule muzee, atabakia wapi?"

"Muzee gani, Maman?"

"Ule mwenye alikuwa chef mbele yako."

"Ah, Monsieur Gilbert. Bon, nitaomba bureau bamupeleke fasi ingine, palepale nikifika. Siwezi kutumika na muntu mwenye kuniangalia kila siku kama vile nilimuiba kiti."

"Na ulimuiba?"

"Maman! Ni bureau njo ilimutosha. Haiko miye."

Ulisema kweli. Wamekupa kituo kizima cha kupokea wakimbizi, huko milimani Ardennes, na umri wako huo, na mimi nimejivuna kwa jambo hilo mpaka kwa dereva wa basi. Yule mzee aliyekiongoza miaka yote hiyo wamemteremsha, awe msaidizi wako hadi apate pensheni. Hukumteremsha wewe, ni ofisi kuu. Lakini ombi la kumhamisha umeshaliandika, liko kwenye kompyuta, na ulisema utalituma Jumatatu ukishakaa kitini. Mimi nikaendelea kukata mboga bila kukutazama. Tangu siku hiyo nina jambo la kukuambia.

Unamkumbuka Jemadari wa hadithi za babu. Jina lake kamili unalijua, ila humu ndani tulizoea kumwita hivyo, na ulipokuwa mdogo ulimwita "Monsieur Jemadari", ukamchora na kofia ya polisi wa mtaa wa Anderlecht. Ndiye aliyeongoza majeshi ya Waislamu wa kwanza kule Iraki na Shamu. Mtu wa kushinda. Askari wakimwona yuko mbele yao, hawaulizi tena adui wako wangapi. Kisha Khalifa aliyemtegemea akafariki Madina, akashika Khalifa wa pili, na karibu jambo la kwanza alilofanya huyo ni kumuuzulu Jemadari. Vita bado viko, upanga bado uko mkononi, na mtu anaambiwa kwamba kuanzia leo mkubwa wako ni fulani.

Babu yako alinisimulia hayo akishona, pini zimemjaa mdomoni, kwa hiyo ushujaa wote ulitoka katikati ya meno yaliyofungwa. Nami nilikuwa nalia. Nalia kweli, kwa machozi. Nilitaka Jemadari akatae. Nilitaka ageuze farasi, aende Madina, aulize amekosa nini. Babu akatoa pini moja, akaniambia kwamba Jemadari alikubali, akabaki kule kule, akapigana chini ya yule aliyepewa nafasi yake, kwa bidii ile ile. Nikamwambia basi hadithi hii ni mbaya. Alicheka mpaka akaogopa kumeza pini.

Sababu za kumuuzulu wanazuoni wanazitaja nyingi, na mimi si mwanazuoni. Babu alipenda ile inayosema kwamba watu walikuwa wameanza kuamini ushindi unatoka kwa Jemadari na kumsahau Mwenyezi Mungu. Ninachotaka kukuambia ni kwamba maisha yangu yote nilikuwa upande wa Jemadari. Nilimhurumia, nikamtetea, nikagombana na shangazi zako kwa ajili yake. Haikunipitia akilini hata siku moja kuuliza habari za yule mwingine, yule aliyepewa nafasi.

Sasa wewe ndiye yule mwingine, na inabidi nimfikirie.

Nianzie kwenye ule ukumbi wetu wa nyuma ya maghala, Anderlecht, kwa sababu ndipo nilipouzuliwa mimi. Unajua habari hii, ulikuwepo, ulikuwa unagawa chai. Lakini ulikuwa msichana wa umri wa kuona aibu kwa kila anachofanya mama yake, kwa hiyo nadhani nusu ya mambo hukuyatazama.

Unajua jinsi tunavyofanya. Kila Jumamosi ya Ramadhani sisi watu wa Maniema tunapika futari pale kwa yeyote atakayekuja. Wanakuja Wakristo wa Bukavu na wa Lubumbashi, na wengine wao wanawahi kufika kuliko sisi tuliofunga. Na kila mwanamke anakuja na kisu chake, amekifunga kwenye kitambaa, amekitia kwenye mkoba. Hakuna anayemwalika. Anaingia jikoni, anasalimu, anatafuta pa kukaa, anaangalia kuna nini cha kukata. Kumwambia mwanamke "asante, tunatosha" ni kumwambia si mwenzetu. Mimi niliongoza jiko lile miaka mingi. Nilikuwa Jemadari. Cheka tu.

Jumamosi moja wanawake walikuwa wakibishana juu ya harusi ya watu, nani alivaa nini, wote kwa pamoja, na katika kelele zile wali ukaungua. Wageni walikuwa wengi siku hiyo. Niliwapakulia wali wa rangi ya kahawa na uso wangu ukanivimba kwa aibu. Jumamosi iliyofuata nikafunga mlango. Nilichagua wanne wenye mikono myepesi, wengine nikawaambia wakae ukumbini, tutawaita wakati wa kupakua. Mambo yalikwenda vizuri ajabu. Chakula kilikuwa tayari kabla ya adhana, wali mweupe, punje moja moja. Nikaufunga tena mlango Jumamosi ya pili na ya tatu.

Ulikuja na sinia la chai, ukaniambia, "Maman, ba maman bamekaa tu kule." Nikakujibu, "Bapumuzike." Nilidhani nimewapa zawadi. Wamekaa kwenye viti vya plastiki, mikoba magotini, visu vimo ndani ya mikoba, hawana cha kukata.

Na mwaka ule ule, Salima, kwenye meza hii ninayoandikia, nilikuwa nimekusimulia habari za yule liwali wa Iraki. Khalifa yule yule wa pili alimpa mji autawale. Soko lilikuwa karibu na nyumba yake na kelele zikamzidi, akatia mlango mkubwa ili apate kufanya kazi kwa utulivu. Khalifa akasikia kule Madina. Akamtuma mtu kutoka huko mbali, na kazi yake ilikuwa moja: fika, uchome ule mlango, urudi. Mtu akafika, akawasha moto, mlango ukaungua. Wewe uliniuliza, "Na baridi je? Wakati ya hiver alifanyaka nini?" Nikakujibu kwamba Iraki hakuna baridi, jambo ambalo nimekuja kujua baadaye si kweli. Tulimcheka sana yule liwali. Nami Jumamosi nikaenda ukumbini, nikafunga mlango wangu, nikauegemezea kiti.

Papa Ramazani, mkubwa wa jumuiya yetu, alikuja nyumbani wiki moja baada ya Idi. Alileta keki, nikajua kuna ubaya.

"Maman Salima, hatuna kitu mubaya juu yako. Ni wewe njo ulitufundisha kupikia batu mingi. Bon, lakini ba maman banasema jiko inakuwa ya wewe peke yako. Donc, mwaka inakuya tutaacha Aziza ashike kidogo."

"Ashike! Aziza? Mutoto wa juzi? Atashika nini, na mukono yake haijue ata kupima chumvi?"

"Atajifunza. Uko pale, utamuonyesha."

"Miye? Goti inaniuma, Papa Ramazani. Siwezi tena kusimama wakati murefu."

Goti langu lilikuwa zima. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa amerudi kutoka zamu yake ya kiwandani, kule mtaa wa Forest, amekaa pale kwenye kochi anavua viatu. Mgeni alipoondoka aliniuliza tu, "Ni goti gani, ya kushoto ao ya kuume?"

Ramadhani nzima iliyofuata sikukanyaga pale. Mimi, niliyewasema watu wote wasiokubali kuuzuliwa, niliyelia kwa ajili ya Jemadari! Ulikuwa ukiniletea chakula cha Aziza kwenye bakuli, nami naonja, nasema chumvi imezidi. Haikuzidi. Ilikuwa sawasawa, na ndiyo iliyoniuma. Nilikuwa nimeomba kwa Mungu, katika mwezi mtukufu, wali wa mtu uungue. Mambo kama hayo mtu anayaomba akiwa na akili zake timamu, ndiyo maana nakuambia usimwogope sana mzee anayekuangalia vibaya. Anaweza kuwa anaomba boiler ya kituo chako, ule mtambo wa kupasha nyumba joto, iharibike na bado si mtu mbaya.

Halafu baba yako akatutoka. Sitaandika mengi hapo, wewe unayajua, na chai yangu itapoa.

Nataka tu kukukumbusha siku ya kwanza ya matanga. Mimi nilikuwa kwenye mkeka sebuleni, kanga kichwani, sijui asubuhi wala jioni. Wanawake walijaa ngazi hadi chini. Aziza akaja. Yeye ndiye mkubwa wa jiko sasa, kila mtu anajua, na siku ya msiba, mkubwa wa jiko haombi ruhusa, anaingia na kuamuru. Mfiwa hapiki wala haulizwi. Lakini Aziza hakuingia. Alifika mbele ya mkeka na kisu chake bado kimefungwa kwenye kitambaa, akapiga magoti, watu wote wanatazama, akaniambia, "Maman Salima, jiko ni yako. Unataka tuanzie wapi?"

Nikamwambia, "Anza na muchele."

Akaenda. Baada ya muda akarudi. "Maman, chumvi niweke ngapi kwa ile sufuria kubwa?" Nikamwonyesha kwa mkono. Akarudi tena, kuuliza kama maharagwe yatangulie au nyama. Siku zote za msiba alifanya hivyo, anakuja na swali, anapiga magoti, anasubiri jibu, anakwenda. Mwanangu, Aziza alikuwa anajua. Alikuwa amepika pale ukumbini Ramadhani nzima bila mimi na chakula chake kilikuwa kizuri, mimi ndiye shahidi, nilikila. Hakukuwa na swali hata moja kati ya yale ambalo hakujua jibu lake. Alikuwa ananirudishia kitu mbele ya macho ya watu, kijiko kwa kijiko, na alijua kwamba wakati ule hakuna kingine ningeweza kumeza.

Hapo ndipo nilipomkumbuka yule mwingine, yule wa kwenye hadithi ya babu.

Babu alikuwa amenisimulia habari zake vizuri tu, mimi ndiye sikusikiliza, nilikuwa nalia kwa ajili ya mwenzake. Agizo la kumuuzulu Jemadari lilipofika Shamu, babu alisema, lilimfikia kwanza yule aliyeteuliwa kushika nafasi. Na jeshi lilikuwa katikati ya mapambano. Yule bwana alikuwa na haki ya kusimama saa ile ile na kusema sasa ni mimi. Hakusema. Alilificha agizo lile, akaendelea kupigana chini ya mtu ambaye tayari alikuwa mdogo wake kwa cheo, mpaka mapambano yakaisha. Wapo wanaosimulia kwa namna nyingine, lakini babu aliisimulia hivi, na mimi naishika hivi. Na alipokuwa mkubwa hakumpeleka Jemadari mahali pengine. Alimweka karibu naye, akamsikiliza, akampa kazi ngumu kuliko zote.

Niliona pale kwenye mkeka kwamba kukubali kwa Jemadari, kule kulikoniudhi utotoni, hakukuwa kwake peke yake. Kulikuwa na mtu wa pili aliyemrahisishia. Mimi nilipata Papa Ramazani na keki, nikapata na goti. Kama Aziza angekuja mapema zaidi labda nisingepoteza Ramadhani nzima. Simlaumu, alikuwa mdogo na mimi nilikuwa nanguruma nyuma ya mlango kama simba wa kuchorwa.

Baada ya eda, Ramadhani ilipofika, nilirudi ukumbini. Nilikwenda na kisu changu kwenye kitambaa, nikasalimu, nikatafuta pa kukaa, Aziza akanisogezea vitunguu. Nimekuwa mtu wa vitunguu mpaka leo. Na nikuambie siri ya wakubwa waliouzuliwa: kule chini kuna raha. Umbea wote wa Brussels unapita kwenye vitunguu. Nilipokuwa Jemadari hakuna aliyenisimulia kitu.

Sasa Monsieur Gilbert. Simjui, sijamwona. Nayajua yale uliyonisimulia uliporudi kutoka kule mara ya kwanza, umekasirika mpaka ukala umesimama. Kwamba ulikuwa ukiwaeleza wafanyakazi utawapanga watu wapi, naye akakukatiza mbele yao kusema jengo lile la nyuma lina boiler mbovu na familia zenye watoto wachanga haziwekwi huko. Ulisema amekudhalilisha. Huenda alitaka kukudhalilisha. Lakini nilipokuwa nakusikiliza, nilijiuliza jambo moja ambalo hukunisimulia: je, ile boiler ni mbovu kweli?

Nakuuliza kwa sababu. Wewe na mimi tumelala kwenye vituo kama hicho, ulikuwa bado mdogo, baba yako alikuwa bado hajafika. Mkubwa wa pale simkumbuki hata sura. Ninayemkumbuka ni mzee mmoja wa zamu, Mbelgiji Mflamingi, mtu wa kununa, hasalimu. Ulikuwa hulali bila taa. Mzee yule aligundua, wala sikumwambia, nisingejua kumwambia kwa lugha gani, akawa anaacha taa ya korido ikiwaka upande wetu, nami mlango wetu nauacha wazi kidogo. Kisha akaja mkubwa mpya, kijana, mwenye tabasamu, anayetusalimu wote kwa mkono. Akapanga mambo upya. Mzee yule wakampeleka kwingine. Na taa ikazimwa, kwa sababu sheria ilikuwa izimwe na hakuna aliyejua kwa nini ilikuwa haizimwi. Ulilia usiku baada ya usiku, nikawa nakaa na wewe bafuni kwenye taa mpaka unasinzia. Hakuna aliyetufanyia ubaya. Yule kijana alikuwa mtu mwema. Ni vile tu hakumuuliza yule mzee.

Sikuambii umweke Monsieur Gilbert. Mimi ni nani? Yule Khalifa alikuwa mkali kwa wakubwa aliowateua, aliwaondoa wengi, na wengine ilibidi waondoke. Kama huyu anawaonea watu, kama anatumia lugha chafu, mwondoe bila kupepesa macho, na mimi nitakuja na treni kukusaidia kupakia makasha yake. Lakini umjue kwanza. Kaa naye meza moja, mle supu ile mbaya ya pale, umpe nafasi ya kukuudhi kwa sababu za kweli. Ombi lako la kumhamisha limeandikwa na mtu ambaye bado hajaonja.

Na wale watu wenyewe, wakazi, watakulalamikia wewe pia, ujiandae. Katika maliwali wote wa zamani yupo mmoja ninayempenda kuliko wengine, yule wa Shamu ambaye raia wake walimshtaki kwa Khalifa kwamba anachelewa kutoka asubuhi. Khalifa akawaweka pamoja, waseme mbele yake. Liwali akaona haya, hakutaka kujieleza. Mwisho ikambidi aseme: nyumbani hawana mtumishi, kwa hiyo anakanda unga mwenyewe, anasubiri uumuke, anaoka mkate, ndipo anatoka kwenda kutawala watu. Liwali mzima ana unga kwenye viwiko! Huyo ukiniletea, nakuoza bila mahari, na harusi napika mimi chini ya amri ya Aziza.

Nimecheka peke yangu jikoni hapa. Sasa niseme lile lililobaki, maana umeshanitumia ujumbe kwamba uko njiani.

Jumapili uliposema "bamupeleke fasi ingine", sikumwona Monsieur Gilbert. Nilijiona mimi.

Tangu ulipozaliwa nimekuwa liwali wako. Nimeamua ule nini, usome wapi, ulale saa ngapi, rafiki gani hana adabu. Nimekufungia milango mingine kwa sababu ya kelele, na nikaita kukupumzisha. Kesho treni ikiondoka pale stesheni ya Midi nimeuzuliwa, na sina Madina ya kwenda kushtaki. Nakubali, mwanangu. Nakubali kwa moyo wote, ingawa leo nimelia bafuni na kufungua bomba ili usisikie, na wewe ukanigongea kuniambia maji ya moto yataisha. Nakupenda kuliko nilivyowahi kupenda kazi yoyote ya kuamuru, na hakika ninavyopenda kuamuru unajua.

Lakini mimi sihami. Nitakuwepo, mtu mzima anayejua mambo yako ya zamani kuliko unavyopenda yajulikane, anayekukatiza mbele ya wageni, na ambaye humhitaji tena kwa lolote. Kupika unajua. Kodi za nchi hii unazijua wewe, mimi unanisomea tu. Hata sala zako sasa unazisali bila kuambiwa. Ukitazama vizuri, hutakuwa na sababu yoyote ya kunipigia simu.

Nipigie hivyo hivyo, Salima. Niulize kitu. Niulize hata kile unachokijua.

Mama yako